Barua kwa Bibi Mizani: Vuli imechelewa, kahawa imechanganyikiwa

Shimbonyi, wasomaji. Kwa wageni wa ukurasa huu: niliitwa Mizani kabla sijaitwa bibi. Kwa misimu 27 nilikuwa karani wa mzani kwenye chama cha msingi huku kwetu Marangu. Kazi yangu ilikuwa kupima kahawa, kutoa uzito wa gunia, kuandika kilo kwenye daftari na kumkatia mwanachama risiti. Watoto waliotumwa na mizigo ndio walionibatiza jina hilo, na mpaka leo wapo wasiojua jingine.

Naandika haya Novemba. Vuli imechelewa tena, vumbi limepanda mpaka kwenye majani ya migomba, na barua zilizobaki mezani karibu zote ni za kahawa. Nimechukua sita.

*Bibi, shikamoo. Mama yetu ametutoka mwaka jana. Mimi ndiye kitinda mimba, na kaka zangu wamekubali kihamba, shamba la nyumbani la wazazi, kibaki kwangu kama ilivyo desturi. Kina mikahawa kama 400. Ninafanya kazi Dar es Salaam na likizo yangu ni siku 28 kwa mwaka. Nichukue mwezi gani ili niihudumie kahawa? Nilifikiri Desemba, maana kila Krismasi huwa naja huko. – Kitinda mimba, Kimara*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mama. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kama wewe mko wengi, na wote mnaitaja Desemba.

Desemba mnakuja kula, na hakuna ubaya. Sisi wenyewe tunawangoja: beberu ananenepeshwa, ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, umeshaoteshwa, na barabara ya kutoka Himo inajaa magari yenye namba ambazo hatuzijui. Lakini ukifika Desemba kahawa karibu yote imeshachumwa. Utaona majani ya kijani na kivuli, utapiga picha, utasema shamba liko vizuri. Yaliyotangulia aliyaona mama yako.

Mwaka wa kahawa hauanzi Januari. Mimi nauhesabu tangu mvua ya kwanza ya vuli. Wakati wa ukame mkahawa unashika vitumba vidogo, vimejibana kwenye mafundo ya tawi, haviendi mbele wala havirudi nyuma. Mvua ikinyesha ya kutosha kulowesha udongo, anza kuhesabu. Siku ya nane, ya tisa, ya kumi, unafungua mlango asubuhi unakuta kihamba kizima cheupe na harufu imeingia mpaka jikoni. Inakaa siku mbili tatu tu, kisha maua yanakuwa na rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Kutoka hapo mpaka punje iive ni miezi saba hadi tisa, na huku juu kwenye baridi tunasubiri zaidi kuliko wenzetu wa chini.

Januari na Februari ni kiangazi, na hapo ndipo kazi inayojenga msimu ujao. Unapogoa. Unatoa maotea, unakata matawi yaliyokwisha kuzaa, unafungua katikati ya mti jua na upepo vipite, unatia samadi. Mkahawa ukiachwa ufanye unavyotaka unakuwa kichaka cha kufichia kuku. Kisha masika, Machi hadi Mei: utelezi, kushuka tambarare kupanda mahindi na maharage, kuzibua mfongo, mfereji wetu wa maji, uliojaa matope, na kuangalia chulebuni. Hiyo chulebuni utaijua: punje changa ya kijani inaota doa jeusi lililobonyea, halafu inaanguka au inakauka na kuganda tawini. Wenye miti ya zamani kama yako hupiga dawa ya kopa kuizuia, na anayesubiri mpaka aione imeenea amechelewa.

Juni kipupwe kinaingia. Wingu linashuka mpaka kwenye paa, mlima unajificha hata wiki nzima, watalii wanalalamika. Ndipo punje za kwanza zinapoanza kuwa nyekundu. Na hapa, mwanangu, ndipo hesabu yako ya siku 28 inapovunjika. Kahawa haivunwi kwa mara moja kama mahindi. Unachuma zilizoiva, unaziacha za kijani, unarudi baada ya siku kumi au kumi na nne, na kurudi tena, tangu Julai mpaka Novemba. Zidisha mwenyewe: mizunguko kumi kwa mikahawa 400. Na kila zinapochumwa lazima uzimenye, uzitoe ganda la nje, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo igawe likizo. Chukua wiki mbili Februari, uje kupogoa ukiwa mwenyewe umeshika mkasi, maana kibarua anayelipwa kwa idadi ya miti atakata kilicho karibu na mkono wake. Chukua wiki mbili Agosti au Septemba, mavuno yakiwa yamechanganya, ujue kilo moja ya kahawa ya maganda, ile iliyokauka ikiwa bado na ganda la ndani, imetoka kwenye kilo tano au sita za kahawa mbivu zilizobebwa mgongoni. Krismasi njoo kwa sikukuu tu, kula, rudi.

Kwa mizunguko iliyobaki tafuta mtu, mpatane malipo kwa debe, umlipe siku hiyo. Usiniambie mke wa kaka yako atasaidia. Nimeandika majina mengi ya wenye mashamba wanaoishi mjini kwenye daftari lile, na nilikuwa nawaona kina mke-wa-kaka wanaoleta mizigo.

*Bibi Mizani, nimechuma nyekundu tupu, nimemenya jioni hiyo hiyo, nimeosha, nimeanika kwenye vichanja vya wavu, si chini. Bado mpokeaji alichota kiganjani, akainusa, akasema inanuka, akaishusha daraja. Ananionea? – Mkulima, Mwika*

Huenda hakuonei. Pua ya mpokeaji mzoefu inaona ndani ya gunia. Nina maswali mawili.

La kwanza: ulivundika siku ngapi? Baada ya kumenya, utelezi ule unaozunguka punje lazima uchachuke ndipo uoshwe utoke. Kwenye joto usiku mmoja na mchana vinaweza kutosha. Kwenye kipupwe inafika hata siku tatu. Wengi huhesabu siku kwa mazoea badala ya kuingiza mkono. Ingiza mkono, sugua: zikikwaruza kama kokoto za mtoni, osha saa hiyo hiyo. Zikiteleza, subiri. Ukizipitiliza, zinaoza.

La pili: ulisafisha mashine ya kumenyea baada ya mzunguko uliopita? Kuna punje hubaki zimenasa kwenye meno. Zinakaa humo siku kumi na mbili, zinaoza, halafu unamwaga kahawa mpya juu yake. Punje chache za namna hiyo zinatosha kuharibu ladha ya mzigo mzima.

Na kama yote mawili uko safi, nieleze umeiweka wapi ilipokauka. Kahawa ya maganda inavuta harufu kama mtoto anavyovuta mafua. Mwaka mmoja, mimi mwenyewe, karani wa mzani niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu, nililaza magunia mawili ya nyumbani kwetu kwenye chumba chenye dumu la mafuta ya taa. Dumu lilikuwa limefungwa. Mzee aliyekuwa akipokea siku hiyo aliinusa, akaninusa na mimi kwa macho, akasema, "Mizani, hii ni ya kunywa au ya kuwashia?" Sikuwa na la kujibu.

*Shikamoo Bibi. Nimeolewa miaka 19. Kuchuma ni mimi, kumenya ni mimi na watoto, maji ya kuoshea nabeba mimi, kuanika na kuanua mimi. Mwanachama ni mume wangu, kwa hiyo pesa inaingia kwenye akaunti yake. Mwaka huu bei ilikuwa nzuri, akanunua pikipiki. Mimi sijaona hata kitenge. Nikiuliza ananijibu kahawa ni zao la baba, ndizi na maziwa ndivyo vya mama, hiyo ndiyo mila. Nifanyeje bila kuvunja nyumba? – Mama wa watoto wanne, Uru*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje kwanza.

Tuanze na hiyo mila. Ni kweli, ndivyo tulivyolelewa: mkungu wa ndizi za mshare ni wa mama, maziwa ya mama, maharage ya mama, na kahawa ya baba. Lakini mwambie mumeo taratibu, mkiwa mnakula, kwamba kahawa huku mlimani imeletwa na mapadre wa Roho Mtakatifu pale Kilema katika miaka ya 1890. Babu wa babu yake huenda alikua bila kuiona. Migomba ilikuwepo, ulezi ulikuwepo, mifongo ilikuwepo, isale, mmea wetu wa mpakani na wa kuombea msamaha, lilikuwepo. Kahawa ilikuja juzi, na pesa yake ikaangukia kwa yule aliyekuwa akiandikishwa kodi. Chama cha wakulima cha kwanza kilipoanzishwa mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ilipochukua nafasi yake mwaka 1933, aliyeandikwa ni mkuu wa kaya. Kwa hiyo anachokiita mila kina umri wa daftari. Nami najua madaftari.

Daftari langu lilikuwa na safu tatu: jina, namba, kilo. Aliyeleta mzigo alikuwa mama, amejitwisha gunia, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika upindo wa kitenge. Vidole vyake vimechanika kwa maji baridi ya kuoshea, kucha nyeusi kwa utomvu wa maganda. Nilipima, nikamuuliza namba, akaitaja kwa kichwa, nikaandika jina la mwanamume ambaye wakati huo sijui alikuwa wapi. Nilifanya hivyo misimu 27. Siku ya malipo jina ndilo lililokuja. Vilabu vya mbege vya jirani vilijaa kuanzia saa nne asubuhi, na wake walikuwa na mazoea ya kupata shughuli za ghafla kando ya barabara ile ile waume zao watakayopita.

Nitakuambia jambo ambalo sikulisema nilipokuwa kazini. Kulikuwa na kina mama waliochepusha debe moja, wakalimenya usiku, wakaliuza kwa jirani. Wanaume waliita wizi. Mimi nilijua kila nyumba inayofanya hivyo, maana ukizijua kilo za nyumba kwa miaka unaona zikipungua, na sikuwahi kuandika. Niliuita mshahara. Lakini sikushauri uendelee huko, si kwa sababu ya dhambi, ila kwa sababu kahawa inayouzwa gizani hununuliwa kwa bei ya gizani.

Fanya hivi. Omba uanachama kwa jina lako. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013 haisemi mwanachama awe baba; mtu wa miaka 18 na zaidi anayelima zao hilo anaweza kujiunga. Utahitaji kuwa na kahawa unayoiita yako, na hapo ndipo mazungumzo yatakapokuwa magumu. Usimdai nusu ya shamba. Mwombe mistari. Najua nyumba kadhaa huku ambazo baba alimkatia mama mistari kuanzia mringaringa fulani, mti wetu wa kivuli, mpaka mpakani kwenye masale, naye akauza kahawa yake kwa namba yake. Katika nyumba zote nilizoziona, mistari ya mama ndiyo iliyozaa vizuri zaidi, na baba akaanza kuona wivu wa samadi. Huo ni wivu mzuri.

Usilianzishe jambo hili wiki ya malipo. Kila mtu ana masikio mabaya wiki hiyo. Ngoja Februari, wakati wa kupogoa, pesa imekwisha na kazi inaonekana. Na kabla ya hapo, kuanzia sasa, andika. Chukua daftari la shule: tarehe, umechuma madebe mangapi, umebeba maji ndoo ngapi, nani amekusaidia. Usiandike kwa hasira, andika kama karani. Wanaume wengi si wabaya, hawajawahi kuona jumla tu.

Akikataa, waite wasimamizi wenu wa ndoa, ndiyo kazi yao, si kupiga picha siku ya harusi tu. Na ujue kwamba nyuma yako ipo sheria, hata kama huna nia ya kwenda kortini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kama kupika kunahesabika, hakimu gani atashindwa kuhesabu kumenya?

Kuhusu pikipiki: kama inabeba kahawa mbivu kwenda kwenye mtambo wa kijiji na wewe hubebi tena mgongoni, isamehe. Kama inabeba abiria tu, mwulize pesa ya leo iko wapi.

*Bibi, mimi niko Muscat, mama yangu ni wa Machame. Huku kila nyumba ninayoingia napewa kahawa na tende kabla sijakaa. Nikawaambia kwetu tunalima kahawa. Wakauliza, "Mnaipikaje?" Nikagundua kwetu sijawahi kuona mtu akiipika. Ni aibu? – Binti wa Machame*

Si aibu, ni ukweli. Sisi tulifundishwa kwamba kahawa ni ya kupeleka kwenye mzani. Nyumbani tulikunywa chai ya maziwa, wazee mbege. Mimi nimepima kahawa ya watu kwa miaka yote hiyo, na kikombe changu cha kwanza cha kahawa halisi nilikinywa mjini Moshi, barazani, kwa muuza kahawa mwenye birika la shaba na kashata pembeni. Ilikuwa chungu, nikajiuliza wazungu wanatafuta nini humu.

Wenzetu wa Bukoba ndio wenye haki ya kututania. Wao walikuwa na kahawa kabla ya mapadre: wanaichuma ikiwa bado haijaiva, wanaichemsha na majani yenye harufu, wanaikausha, mgeni akifika anapewa atafune. Waambie wenyeji wako habari hiyo, ni nzuri zaidi kuliko yetu. Kisha ukija, niletee iliki. Nimeanza kunywa uzeeni.

*Bibi, mimi ni kijana wa miaka 26, Rombo. Babu ana mikahawa ya tangu ujana wake. Inatoa punje za kuhesabu. Nataka kuing'oa nipande parachichi. Babu anasema nikiigusa atanilaani. Nani ana haki?*

Hamna mwenye haki kamili, ila babu yako ana kumbukumbu, na wewe umesahau kumwuliza.

Mwulize mwaka 1976 na 1977. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na huku zikatufikia pesa ambazo hatukuwa tumeziota. Bati la nyumba ya baba yangu ni la mwaka ule. Limeshapakwa rangi mara nne, halijavuja. Watoto wengi wa mlimani walisomeshwa na ile kahawa. Mwulize na mwaka 1989, mkataba wa dunia uliokuwa unashikilia bei ulipovunjika. Mwulize na mwanzo wa miaka ya 2000, kilo ilipokuwa haimlipi hata mtu wa kuichuma. Mikahawa iliachwa ikavamiwa na magugu, vijana wakaikata kuni. Nilikuwa bado mezani. Kulikuwa na siku nilifungua mzani asubuhi, nikaufunga jioni, sijaandika jina. Waliong'oa wakati ule niliwaelewa. Lakini Februari 2025 bei kwenye soko la kahawa la New York ilipita dola nne kwa ratili, haikuwa imewahi kutokea, na waliong'oa walikuja kuniuliza miche inapatikana wapi.

Sisemi bei itakaa hapo. Haitakaa. Nasema usiamue shamba kwa bei ya mwaka mmoja, iwe ya juu au ya chini.

Sasa mti wenyewe. Mkahawa mzee usiozaa si kwamba umekufa. Unaweza kuukata shina kwa mshazari, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, ukachipua. Unaacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine unayatoa. Usikate shamba lote siku moja, mtalala njaa. Kata theluthi moja mwaka huu, nyingine mwakani. Shina lililotobolewa na mdudu bungua, lenye unga kama wa msumeno chini yake, hilo ling'oe bila huruma na mahali pake weka mche mpya. Taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, TaCRI, imekuwa ikitoa tangu mwaka 2005 aina zinazohimili chulebuni na kutu ya majani. Maana yake hununui kopa kila mwaka, na mwaka wa tatu unachuma. Miche ya chotara hizo ndiyo ningekuwa nayo kama ningekuwa na miaka 26 na mgongo wako.

Parachichi panda, lakini pembeni. Mti ule ukikua unafunika kila kitu, unakunywa sana, na hautaki mwenzake. Mringaringa umeishi na kahawa na mgomba miaka yote bila ugomvi. Parachichi bado hatujaelewana naye.

Na laana? Ulimwendea babu na panga, ndiyo maana. Rudi na jani la isale, na kibuyu cha mbege kama daktari hajamkataza. Mwombe akuonyeshe mti mmoja ambao angependa ukatwe kwanza. Wazee huwa wanao. Huwa ni ule uliowahi kumng'oa kucha.

*Bibi Mizani, shikamoo. Niko darasa la sita, Kilema. Kitabu chetu kinasema vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Mbona haijaja? Na mkahawa wa nyumbani una maua, na punje za kijani, na punje nyekundu, zote kwenye tawi moja. Kitabu kimekosea au mti umekosea?*

Marahaba, mjukuu wangu. Hili ndilo swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, hao wakubwa wasinune.

Kitabu hakikukosea. Kimeandika jinsi mvua ilivyokuwa ikija miaka mingi ikijumlishwa. Mti nao haukukosea, unafuata maji. Zamani ukame ulikaa, vuli ikaja kwa pamoja, maua yakafunguka kwa pamoja. Siku hizi inadondoka mvua ya siku moja mwezi Agosti, nyingine kidogo Septemba, kisha kimya. Kila inapodondoka, vitumba vilivyokuwa tayari vinafunguka, vingine vinabaki vinangoja. Ndiyo maana tawi lako lina nyakati tatu kwa mpigo.

Kuna na jambo la joto. Nilipokuwa na umri wako tulilala na mablanketi mawili mwezi wa saba. Sasa moja linatosha. Watafiti waliochunguza kahawa ya Tanzania walionyesha mwaka 2015 kwamba joto la usiku likipanda ndilo linalopunguza mavuno zaidi ya mengine. Na ukitoka nje siku mlima uko wazi, tazama barafu. Mwaka 1912 ilikuwa kilomita za mraba kama 12. Kufikia mwaka 2011 hazikufika hata 2.

Nani anaumia na tawi lenye nyakati tatu? Anayechuma. Punje haziivi pamoja, kwa hiyo badala ya mizunguko kumi mama anazunguka kumi na mitatu, na kila mzunguko anarudi na nusu debe. Kilo kwenye mzani ni zile zile.

Nina kazi ya kukupa. Tengeneza daftari. Safu ya kwanza tarehe ya kila mvua, hata ya dakika tano. Weka kopo nje upime kwa rula. Safu ya pili tarehe maua yalipofunguka. Hesabu siku katikati yake, uniambie kama bado ni nane mpaka kumi kama ilivyokuwa kwetu. Safu ya tatu tarehe mliyochuma na madebe mliyopata. Ya nne, jina la aliyechuma; hiyo mimi sikuwa nayo. Tumia karatasi ya mraba, ile ya hesabu. Ikijaa nitakutumia nyingine.